Abaki na Timu Iliyomlea au Aende Zake?

Wako akina mama ambao wakisikia habari za mpira wa miguu hugeuza uso. Kwao mpira ni kelele za Jumamosi, ni baba anayechelewa kurudi, ni viatu vya matope mlangoni na suruali ya shule iliyotoboka magotini. Hatuwalaumu. Lakini katika nyumba nyingi tunazoingia, iwe kwa kumtazama mgonjwa au kwa shughuli za kanisa, tunamkuta mtoto mmoja wa kiume ambaye akiulizwa atakuwa nani akikua, hasemi tena daktari wala rubani. Anasema mchezaji. Na siku hizi jibu hilo si la mzaha kama zamani, kwa sababu wako watu wanaozunguka viwanjani wakitafuta watoto wa namna hiyo, na wakishampata mmoja, mlango wanaoubisha ni wa mama.

Ndiyo maana tumeona tulizungumzie jambo moja ambalo waume zetu hubishana juu yake mpaka chai inapoa. Mchezaji aliyelelewa na timu moja tangu utotoni, je, abaki nayo mpaka mwisho, au akiitwa na timu kubwa zaidi aende? Wanaume hulifanya kuwa jambo la uaminifu na usaliti, basi. Sisi tukilitazama kama wazazi tunaona mambo mengine ndani yake. Tunamwomba msomaji atuvumilie tukianza na habari za watu wa mbali, kwa kuwa safari zao zinajulikana na zinaweza kupimwa.

MAMA ALIYESEMA HAPANA

Tuanze na mama kabla ya mtoto. Jijini Roma, nchini Italia, katika mtaa wa Porta Metronia, aliishi Bi. Fiorella Totti na mumewe, pamoja na wana wao wawili, Riccardo na Francesco. Huyu Francesco, aliyezaliwa tarehe 27 Septemba 1976, alikuwa haachani na mpira. Siku moja, mtoto angali mwanafunzi, wakaja wageni nyumbani. Walitoka AC Milan, mojawapo ya timu tajiri na zenye sifa kubwa kabisa Ulaya wakati ule, na walitaka kumchukua. Milan iko kaskazini, safari ya zaidi ya kilomita 500 kwa barabara. Bi. Fiorella akawaomba radhi, akasema hapana.

Francesco amesimulia mwenyewe habari hiyo akiwa mtu mzima, na sababu anayoitaja ni ile ambayo kila mama ataielewa bila kufafanuliwa: mama hakutaka mwanawe akae mbali na nyumbani. Mwaka 1989 kijana akajiunga na AS Roma, timu ambayo ukoo mzima uliishangilia, na Bi. Fiorella ndiye aliyempeleka mazoezini na kumngoja kwa saa kadhaa, mvua ikinyesha au baridi ikiuma, mpaka amalize.

Tunakaa hapo kidogo kwa makusudi. Dunia nzima baadaye ilimsifu Totti kwa uaminifu wake kwa timu moja. Nyimbo zilitungwa na picha zake zikachorwa kwenye kuta za mji. Lakini uaminifu huo ulianza kabla mtoto hajajua maana ya mkataba. Ulianza kwa mama aliyeona kwamba mtoto wa umri ule bado anahitaji kuulizwa amekula nini.

Je, ilimlipa? Totti alicheza mechi yake ya kwanza katika timu ya wakubwa tarehe 28 Machi 1993 akiwa na miaka 16, na ya mwisho tarehe 28 Mei 2017 akiwa na miaka 40. Mechi 786, mabao 307, zote kwa jezi moja. Ubingwa wa ligi ya Italia aliupata mara moja tu, mwaka 2001. Kombe la Italia alilipata mara mbili, 2007 na 2008, na Kombe la Dunia alilitwaa na timu ya taifa mwaka 2006. Real Madrid ya Hispania ilimtaka, naye amekiri kwamba aliliwaza sana jambo hilo. Angekwenda huko, kabati lake la vikombe bila shaka lingejaa zaidi. Hakwenda.

Hapa sisi wauguzi tunaona jambo ambalo washangiliaji hulisahau. Tarehe 19 Februari 2006 mchezaji huyo alivunjika mfupa mdogo wa mguu wa kushoto na kuumia kifundo. Akafanyiwa upasuaji, akawekewa chuma na skrubu, na miezi minne baadaye alikuwa uwanjani katika Kombe la Dunia. Wanaofanya kazi katika wodi za mifupa wanajua hiyo ni kasi ya kutisha, na wanajua pia kwamba si kila mguu huunga vile. Wachezaji wengi humaliza kazi yao kabla ya miaka 35. Fundi cherehani wa miaka 35 ndio kwanza anaanza kujulikana mjini, lakini mwenzake wa mpira anafunga virago. Kwa hiyo anayemwambia kijana angoje tu, nafasi nyingine itakuja, amtazame kwanza magoti.

Na mwisho wa Totti haukuwa mtamu kama watu wanavyopenda kuusimulia. Katika miaka ya mwisho kocha alimweka benchi, na Februari 2016 alimwondoa katika kikosi siku ya mechi baada ya mchezaji kulalamika hadharani kwamba haheshimiwi. Alipostaafu alipewa kazi ya ukurugenzi katika klabu hiyo hiyo. Akaiacha tarehe 17 Juni 2019 akisema kwamba hakushirikishwa katika maamuzi. Ilikuwa miaka 18 kamili, siku kwa siku, tangu alipoipa Roma ubingwa wake. Mtu aliyeipa timu miaka 25 ya ujana wake aliondoka na uchungu moyoni.

Hatusemi alikosea kubaki. Yeye mwenyewe hajasema hivyo. Tunasema tu kwamba klabu ni ofisi. Ina viongozi wanaokuja na kuondoka, ina hesabu za mwisho wa mwaka, na anayeingia leo hana deni la shukrani kwa aliyoyafanya mchezaji miaka 20 iliyopita. Mtoto akiipenda timu, aipende, lakini asidhani kwamba inampenda kwa namna ile ile.

USIKU WA JULAI 2005

Sasa tutoke Italia twende Uingereza, katika mji wa Liverpool. Huu ni mji wa bandari wenye timu mbili kubwa, Liverpool ya jezi nyekundu na Everton ya jezi ya bluu, na washabiki wake huishi mtaa mmoja, wakati mwingine nyumba moja, kama Simba na Yanga kwetu. Mji huo mmoja umetupatia vijana watatu ambao kila mmoja alijibu swali letu kwa njia yake.

Wa kwanza ni Steven Gerrard, aliyezaliwa mwaka 1980 na kukulia Huyton, pembeni mwa mji. Liverpool ilimchukua akiwa mtoto mdogo. Kwa familia yake timu hiyo ilikuwa zaidi ya burudani. Tarehe 15 Aprili 1989, katika uwanja wa Hillsborough mjini Sheffield, washabiki wa Liverpool walibanwa katika msongamano, na vifo vilivyotokana na ajali hiyo vilifikia 97. Mdogo kuliko wote alikuwa mtoto wa miaka 10, binamu yake Gerrard. Mama yeyote anaweza kufikiri jina la timu lilivyotamkwa katika nyumba ile baada ya hapo.

Gerrard akakua, akawa nahodha. Tarehe 25 Mei 2005 kule Istanbul aliiongoza Liverpool kutoka nyuma kwa mabao matatu hadi kutwaa Kombe la Ulaya kwa penalti. Wiki sita baadaye alitaka kuondoka. Chelsea ya London, iliyokuwa imetoka kuchukua ubingwa wa Uingereza, ilileta ofa ya pauni milioni 32. Mazungumzo yake na Liverpool juu ya mkataba mpya yalikuwa yamekwama, naye akaona hatakiwi. Mapema Julai ikatangazwa kwamba anaondoka. Washabiki wakachoma moto jezi yenye jina lake mbele ya kamera.

Ameeleza baadaye katika kitabu cha maisha yake kwamba saa zile alikuwa karibu kuugua. Kichwa kilimuuma, akawa anameza vidonge vya paracetamol kama peremende, mpaka daktari wa timu akaitwa. (Hapa turuhusiwe kusema kama wauguzi: mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku nzima. Dawa hiyo tunaiona ya kawaida kwa kuwa inauzwa kila duka, lakini ikizidi huharibu ini kimya kimya. Maumivu ya kichwa yanayotokana na uamuzi mgumu hayaponi kwa kuongeza vidonge.)

Usiku huo huo akabadili mawazo. Akabaki, akasaini mkataba, akaendelea kuwa nahodha kwa miaka 10 mingine. Chelsea ikachukua ubingwa tena mwaka 2006. Gerrard hakuupata ubingwa wa ligi hata mara moja akiwa mchezaji. Mwaka 2014 alikaribia kabisa, lakini tarehe 27 Aprili, katika mechi dhidi ya Chelsea hao hao, aliteleza akiwa na mpira, wapinzani wakafunga, na baada ya siku chache ubingwa ukaponyoka. Liverpool ilikuja kuchukua ligi mwaka 2020, miaka 30 baada ya ule wa 1990, na yeye alikuwa amekwisha ondoka tangu 2015.

Tukiwauliza vijana wa kwaya yetu, nusu watasema alikuwa mjinga. Sisi tunamwona tofauti. Alipewa nafasi ya kuondoka, akaifikiria kwa dhati, akaikataa akijua inaweza kumgharimu vikombe. Uaminifu wa namna hiyo tunauheshimu. Kinachotusumbua ni wale waliochoma jezi. Kijana wa miaka 25 aliyewaletea kombe mwezi Mei, mwezi Julai wanamchomea jina. Walitaka kupendwa kwa nguvu.

Wa pili ni Wayne Rooney, wa upande wa bluu. Alizaliwa Oktoba 1985 katika mtaa wa Croxteth, mtaa wa watu wa kipato cha chini, na mama yake alifanya kazi katika jiko la shule. Familia nzima ilikuwa Everton, naye aliingia katika timu ya watoto akiwa na miaka 9. Akiwa bado kijana aliwahi kuvaa fulana ya ndani yenye maandishi ya kuapa kwamba aliyekuwa wa bluu mara moja atakuwa wa bluu daima. Agosti 2004, akiwa na miaka 18, aliuzwa Manchester United kwa fedha ambazo zingeweza kufika pauni milioni 27. Unaweza kukisia fulana ile ilivyokumbushwa. Kila aliporudi kucheza pale alizomewa, naye kuna siku alijibu kwa kubusu nembo ya timu mpya mbele yao, jambo ambalo sisi tusingependa kijana wetu alifanye.

Lakini hebu tutazame kilichofuata. Everton, ikiwa imemkosa kijana wake bora na kupata fedha nyingi ilizokuwa ikizihitaji, ilimaliza msimu ule wa 2004/2005 katika nafasi ya 4, juu ya Liverpool. Rooney akachukua ubingwa wa Uingereza mara 5, na Kombe la Ulaya mwaka 2008. Mwaka 2017 akarudi Everton, na katika mechi yake ya kwanza ya ligi nyumbani akafunga bao. Waliomzomea miaka 13 wakasimama wakampigia makofi. Kuondoka kwake hakukuiua timu, na wala mlango haukufungwa.

Wa tatu ni wa juzi juzi, Trent Alexander-Arnold. Aliingia Liverpool mwaka 2004 akiwa na miaka 6, akakua karibu na uwanja wa mazoezi, akachukua na timu hiyo Kombe la Ulaya mwaka 2019 na ubingwa wa Uingereza mwaka 2020 na 2025. Tarehe 5 Mei 2025 alitangaza kwamba hataongeza mkataba. Akaenda Real Madrid. Siku sita baada ya tangazo alipoingia uwanjani nyumbani, sehemu ya washabiki walimzomea, ingawa katika mechi ya mwisho ya msimu walimshangilia.

Kosa lake lilikuwa nini? Alikuwa na miaka 26, amekwisha washindia kila kikombe kikubwa. Tukisikiliza vizuri, malalamiko yao yalikuwa juu ya namna alivyoondoka kuliko juu ya kuondoka kwenyewe. Mkataba wake ulikuwa unaisha Juni, na mchezaji ambaye mkataba wake umekwisha huondoka bure. Sheria hiyo ilitokana na kesi ya Mbelgiji Jean-Marc Bosman, iliyoamuliwa na mahakama ya Ulaya tarehe 15 Desemba 1995. Real Madrid ililipa fedha kidogo tu ili kumpata wiki chache kabla ya muda. Timu iliyomlea miaka 20 ikabaki karibu mikono mitupu. Tunamwelewa mshabiki anayeona hapo kuna upungufu. Kumzomea mtoto aliyekulia mikononi mwako, hapana, hatuafiki. Lakini ule upungufu upo, na utatusaidia tutakapofika kwetu.

NASI JE?

Kwetu Tanzania jambo hili lina sura yake. Mtoto huzaliwa Simba au Yanga kama anavyozaliwa katika ukoo. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, Simba mwaka 1936, na tangu hapo kuna nyumba ambazo baba na mama hawasemeshani Jumapili jioni. (Tunawajua wanandoa wawili, wazee wa kanisa kabisa, ambao siku ya mechi hiyo mmoja huenda kusikiliza kwa jirani.) Mchezaji akitoka Msimbazi kwenda Jangwani, au kinyume chake, huitwa majina ambayo hatuwezi kuyaandika hapa. Hata kutoka Yanga kwenda Azam si jambo dogo. Sakata la Feisal Salum, ambaye Yanga haikuwa hata timu yake ya utotoni, lilianza Desemba 2022 na kuisha Juni 2023, na kabla ya kuisha Rais Samia Suluhu Hassan mwenyewe aliwaomba viongozi wa klabu walimalize.

Lakini mchezaji akienda nje ya nchi, tunampungia mkono wote pamoja. Mbwana Samatta alianza katika timu ya Mbagala, ile iliyokuja kuitwa African Lyon, akapita Simba, na mwaka 2011 akaenda TP Mazembe ya Lubumbashi. Hakwenda ugenini kabisa, maana katika mji ule Kiswahili husemwa sokoni na nyumbani. Alikaa pale karibu miaka mitano, akachukua ubingwa wa Afrika mwaka 2015, na Januari 2016 akatangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza barani. Ndipo akaenda Genk ya Ubelgiji, akawa bingwa wa nchi ile mwaka 2019. Mwaka 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza na kufunga katika Ligi Kuu ya Uingereza, akiwa na Aston Villa. Tarehe 1 Machi mwaka huo alifunga kwa kichwa katika fainali pale Wembley dhidi ya Manchester City, ingawa timu yake ilifungwa 2 kwa 1.

Tunachokipenda katika safari ya Samatta ni hatua zake. Alipokwenda Lubumbashi alikuwa kijana anayeelekea miaka 19, amekwisha cheza na watu wazima. Hakurukishwa kutoka Mbagala hadi Ulaya akiwa mtoto. Hakuna aliyemwita msaliti, na nadhani ni kwa sababu kila mtu aliona kwamba anapanda ngazi, hakimbii nyumba.

Tunalisema hili tukiwa na jambo mkononi. Si muda mrefu uliopita alilazwa kijana wa miaka 15 aliyeumia goti katika mechi ya mtaani. Mama yake, mchuuzi wa mboga, alitusubiri zamu iishe, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa ya Kiingereza, ina mhuri, na ilisema kijana atapelekwa nchi fulani ya nje kufanyiwa majaribio. Kulikuwa na kiasi cha fedha ambacho mzazi alitakiwa kutoa kwanza kwa ajili ya viza na tiketi. Bwana aliyeileta alimwambia afanye haraka, na asimwambie kiongozi wa timu ya mtaa, kwa kuwa huyo angeona wivu. Mama alikuwa amekwisha kopa nusu ya fedha hizo katika kikundi. Aliyetaka tumwambie si kuhusu fedha. Alitaka kujua kama goti litapona kabla ya tarehe ya safari.

Tulimweleza tunachokijua, na tunakirudia hapa kwa faida ya wengine. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuhamishwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kwa ajili ya mpira, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, kama vile wazazi wake kuhamia huko kwa mambo yao yasiyohusu mpira. Mikataba ya wachezaji wa umri huo haitakiwi kuzidi miaka 3. Anayekuja na karatasi ya kumsafirisha mtoto wa miaka 15 peke yake hadi Ulaya au Uarabuni, tena akidai fedha kwa mama, anavunja kanuni hizo au anadanganya. Na anayekuambia umfiche kiongozi aliyemlea mtoto, muulize kwa nini.

Maana kiongozi huyo, au timu yake, ana haki ambayo akina mama wengi hatukuijua. Mchezaji anaponunuliwa kutoka nchi moja hadi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya fedha hizo hugawanywa kwa timu zilizomfundisha tangu mwaka aliotimiza miaka 12 hadi ule aliotimiza 23. Kwa kila msimu kati ya miaka 12 na 15 timu hupata robo ya asilimia moja, na kwa kila msimu baada ya hapo nusu ya asilimia. Zinaonekana chache. Hebu tuzipigie hesabu: mchezaji akiuzwa kwa shilingi bilioni 1, timu ya mtaa iliyomlea misimu minne ya mwanzo inaweza kudai shilingi milioni 10. Kwa timu inayoshona nyavu kwa kamba za katani, hizo ni mipira, jezi, na nauli ya watoto wengine 30.

Hapo ndipo tunapouona ule upungufu wa Liverpool kwa jicho jingine. Kijana anaweza kwenda zake, akashinde vikombe, akajenge nyumba ya wazazi, na timu iliyomlea isiachwe mikono mitupu. Lakini fedha hizo hazidaiwi kwa maneno. Lazima timu iwe imeandikishwa, mtoto awe amesajiliwa kwa jina na tarehe zake, na kumbukumbu ziwepo. Kwetu hapo ndipo mambo huharibika. Mtoto huchezea timu tatu kwa jina la utani, umri hupunguzwa ili aingie mashindano ya wadogo, na mwisho hakuna anayeweza kuthibitisha nani alimlea. Kuhusu kupunguza umri tuseme wazi: mama akiombwa cheti cha kuzaliwa kingine, akatae. Mwili una umri wake, na tumeona mifupa ya watoto ikilazimishwa kubeba uongo wa watu wazima.

Mama yule alirudisha fedha za kikundi. Haikuwa rahisi, na nyumbani kulikuwa na maneno, kwa kuwa baba alikuwa amekwisha watangazia watu. Kijana alilia siku mbili, akagoma kula, kisha akaomba daftari zake za shule. Alituuliza kama Samatta naye aliwahi kuumia goti. Tulimwambia kwamba wachezaji wengi wakubwa wamewahi kuumia, na kwamba waliorudi ni wale waliokubali kufanya mazoezi ya kunyoosha mguu kila asubuhi, hata yakichosha.

Kisha tukamtuma mama kwa kiongozi wa timu ya mtaa, mwalimu mstaafu, akaombe karatasi yenye tarehe ambayo mtoto aliandikishwa, muhuri wa timu na sahihi. Mwalimu aliitafuta katika sanduku la bati kwa juma zima, akaipata. Mama ameiweka katika mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto, ile yenye uzito wake wa kuzaliwa na chanjo zote. Kijana bado anachechemea kidogo. Jumamosi huenda uwanjani kuwahesabia wenzake mabao.